Kitunguu, GV na hadubini ya shule: jinsi ya kuiona seli ikigawanyika

Kwenye dirisha la jiko langu hapa Tandika kuna kitunguu kimekalia mdomo wa chupa ya maji iliyokatwa nusu, kitako kikigusa maji. Leo ni siku yake ya tatu. Mizizi imeshuka kama ndevu za babu, myeupe, mingine imeshapita urefu wa ukucha. Mama mwenye nyumba alipopita asubuhi alikitazama, akanitazama na mimi, akauliza, "Mwalimu, hii dawa ya nini tena?" Nikamwambia, "Shikamoo mama. Si dawa, ni somo la watoto wa tuisheni." Akaitikia marahaba, ila kwa jinsi alivyoondoka najua hakuniamini.

Nafundisha biolojia ya sekondari. Kila mwaka napokea vijana wanaoweza kukuimbia hatua za mgawanyiko wa seli, profezi, metafezi, anafezi, telofezi bila kuvuta pumzi, kama konda anavyotaja vituo vya Mbagala. Ukiwawekea picha halisi ya ncha ya mzizi na kuwauliza anafezi iko wapi, wanatazamana. Hawajawahi kuiona. Wamenakili mchoro ubaoni, nao uliokuwa ubaoni ulinakiliwa kitabuni, na kila aliyenakili amezidisha unadhifu mpaka seli imekuwa yai lenye vijiti vinne ndani.

Basi hapa sitakufundisha kuimba. Nitakuonyesha namna ya kuikamata seli katikati ya kazi yake, kwa vitu vinavyopatikana Dar es Salaam. Unahitaji hadubini ya kawaida ya shule, ile yenye uwezo wa kukuza mara 400. Hicho ndicho kitu kimoja ambacho duka la mtaani halina. Mwombe mtunza maabara wa shule iliyo karibu. Wengi wao hufurahi mtu akija kutumia kifaa ambacho hukaa kabatini mpaka wiki ya mitihani ya vitendo.

Ujue unachokwenda kutafuta

Seli haizaliwi kutoka hewani. Kila seli imetoka kwenye seli nyingine iliyojigawa. Kabla ya kujigawa, seli hunakili maelekezo yake yote, yaani DNA, iliyofungwa kwenye nyuzi ziitwazo kromosomu. Kitunguu maji kina kromosomu 16 kwenye kila seli ya kawaida ya mwili wake. Wewe una 46. Usijivunie sana hesabu hiyo, maana ukipima urefu wa DNA yenyewe, kitunguu kinakuzidi karibu mara tano. Ndiyo maana tunakitumia: kromosomu zake ni nene na ndefu, zinaonekana hata kwa hadubini iliyochoka.

Wakati wa kunakili, kiini cha seli kinaonekana kama duara tu lenye chengachenga. Hicho ndicho kipindi cha interfezi, na ndicho kirefu kuliko vyote. Nakala zikiwa tayari, kila kromosomu huwa na nyuzi mbili pacha zilizoshikana. Kazi ya mitosisi, yaani mgawanyiko wenyewe, ni moja: kuwatenganisha pacha hao ili kila seli mpya ipate seti kamili, 16 huku na 16 kule, bila kupungua wala kuzidi. Majina yale manne ni vituo tu vya safari hiyo, na seli yenyewe haisimami vituoni.

Mjerumani Walther Flemming ndiye aliyeyaeleza haya kwa undani, mwaka 1882, akitazama viluwiluwi vya salamanda. Neno mitosisi alilitoa kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya uzi. Miaka sita baadaye, 1888, mwenzake Waldeyer akaziita nyuzi hizo kromosomu, maana yake miili yenye rangi. Jina lenyewe linakuambia siri ya kazi tunayoianza: bila rangi huoni kitu. Seli ni angavu kama plastiki ya barafu za kufunga.

Kuotesha mizizi

Nenda sokoni, iwe Ilala, Kariakoo, Tandika au genge la jirani, ukachague vitunguu vitatu vyekundu vya wastani. Usichukue kimoja, maana kuna kitunguu kitakugomea tu. Muuzaji atakuchagulia vile vigumu, vikavu, vinavyong'aa. Mshukuru, kisha chagua mwenyewe vile ambavyo vimekaa kidogo na vinaanza kuchungulia jani la kijani juu. Kitunguu kilichotoka shamba juzi bado kimelala. Kilichoanza kuchipua kimeshaamka, na mizizi itatoka upesi.

Kwa wembe, kwangua kile kitako chenye mizizi ya zamani iliyokauka. Kwangua juu juu tu, usikate ile sahani ngumu inayoshikilia maganda, kwani mizizi mipya hutokea pembezoni mwake. Kisha kalisha kitunguu kwenye mdomo wa chupa au glasi. Kikiwa kidogo mno kitazama. Kichome vijiti vitatu vya kuchokolea meno ubavuni, vikae ukingoni kama miguu. Kitako kiguse maji, kisizame. Kikizama kinaoza, na kwa joto letu hili kinaoza upesi.

Maji yenyewe ni habari nyingine. Kipindi fulani nilijaza chupa sita kwa maji ya kisima cha uani, na hakuna kitunguu kilichotoa mzizi wa maana. Niliwalaumu vitunguu, nikamlaumu na aliyeniuzia, mpaka nilipoyaonja yale maji. Chumvi. Visima vingi vya mji huu, hasa karibu na pwani, vina maji ya chumvichumvi, nayo chumvi huvuta maji kutoka kwenye mzizi badala ya kuuacha uyanywe. Tumia maji ya mvua au ya kunywa. Ya bomba yanafaa, ila yaache kwenye ndoo wazi usiku mmoja dawa ipungue. Badilisha kila siku.

Siku mbili hadi tatu zinatosha. Mzizi wa sentimita moja mpaka mbili, ulionyooka, mweupe, wenye ncha ya rangi ya maziwa, ndio unaoutaka. Iliyogeuka kahawia iache.

Kukata na kugandisha

Hapa ndipo wengi huharibu, na mimi niliharibu kabla yenu. Mara ya kwanza nilipofanya zoezi hili na kundi la vijana kumi na wawili, nilikata mizizi katikati, mahali palipokuwa panene na rahisi kushika. Tukapaka rangi, tukaweka chini ya lenzi, tukaona seli ndefu kama mabomba, zimejipanga vizuri, kila moja na kiini chake kimetulia. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona hakuna inayogawanyika?" Nikamwambia labda ni kwa sababu ya joto. Uongo mtupu. Nilikuwa nimewaonyesha seli zilizokwisha kustaafu.

Mzizi haukui mwili mzima. Unakua nchani. Pale mwisho kabisa kuna kofia ndogo inayolinda ncha isichubuke ardhini, na nyuma ya kofia hiyo kuna eneo dogo lenye seli changa zinazogawanyika mfululizo. Ukipanda juu zaidi, seli zimeacha kugawanyika, zinarefuka tu. Kwa hiyo mali yako yote iko kwenye milimita mbili za mwisho. Milimita mbili ni unene wa sarafu. Zidisha hapo, utakuwa unaongeza makapi.

Mimi hukata saa tatu au nne asubuhi. Kata mizizi mitano au sita, kila mmoja urefu wa sentimita moja hivi ili upate pa kushika kwa kibanio, na uitumbukize mara moja kwenye dawa ya kugandisha. Dawa hiyo kimaabara ni sehemu tatu za spiriti na sehemu moja ya asidi asetiki isiyochanganywa na maji. Nyumbani utatumia spiriti ya duka la dawa na siki nyeupe kwa kipimo hichohicho. Siki ina asidi kama asilimia 5 tu, kwa hiyo ni dhaifu, lakini inafanya kazi. Iache usiku kucha. Lengo ni kuiua seli ghafla, ibaki vilevile ilivyokutwa, kama picha ya harusi ambayo mtu kakamatwa akitafuna.

Tafadhali, spiriti na jiko la mkaa au la gesi havikai chumba kimoja. Na asidi asetiki kali isiguswe na mtoto, inaunguza.

Kulainisha

Seli za mmea zimegundishwa pamoja kama tofali na udongo wake. Usipolegeza gundi hiyo, huwezi kuzitandaza, utabaki na rundo jeusi. Maabara hutumia asidi haidrokloriki ya molari 1 kwenye joto la nyuzi 60, kwa dakika tano hadi nane. Kama shule inayo, mwachie mtunza maabara aishike yeye. Kama hakuna, pasha mizizi ndani ya siki kwenye joto hilohilo kwa robo saa. Haitalainika kama ya asidi ile kali, itabidi vidole vifanye kazi zaidi.

Huna kipimajoto? Chukua maji yanayochemka kikombe kimoja na maji ya mtungini kikombe kimoja, changanya kwenye bakuli. Maji yetu ya kawaida yako karibu nyuzi 28, yanayochemka 100, ukigawa katikati unapata 64, na bakuli lenyewe linakunywa kiasi. Ndiyo hiyo 60 yako. Kalisha kichupa chenye siki na mizizi ndani ya bakuli, lifunike kwa sahani, na baada ya dakika saba badilisha maji ya nje.

Mzizi ulioiva hulegea kama tambi iliyopikwa. Usuuze kwa maji safi, taratibu, maana sasa unakatika wenyewe.

Rangi

Kwenye vitabu utaambiwa uitumie asetokamini. Ukiipata, vizuri. Mimi natumia GV, ileile dawa ya zambarau ambayo mama zetu walitupaka mdomoni tulipokuwa na utando mweupe. Inashika kromosomu barabara, na duka la dawa lolote linayo.

GV ikiwa kali hupaka kila kitu, ukaishia na seli za zambarau tupu. Changanya tone moja la GV na matone kumi ya siki kwenye kisahani. Weka mizizi humo dakika tano hadi kumi. Ukitoa, chovya kwenye siki safi kwa nusu dakika kuondoa ya ziada. Utaona jambo zuri kwa macho yako mwenyewe: ncha imeshika rangi nzito kuliko mwili wa mzizi. Sababu ni kwamba pale seli ni ndogo, zimebanana, na viini vyake ni vikubwa; rangi imefuata DNA.

Kukamua

Weka mzizi mmoja kwenye slaidi, kile kipande cha kioo cha hadubini. Kwa wembe, kata ile ncha ya zambarau nzito, milimita mbili, na uisukume pembeni ile iliyobaki. Itupe. Najua inauma kutupa kipande kikubwa ukabaki na kijichembe, lakini itupe.

Dondosha tone moja la ile rangi uliyochanganya na siki juu ya ncha. Kwa sindano, ichanechane kama anayetafuta mwiba kwenye samaki. Funika kwa kioo kifuniko, ukianza na ukingo mmoja na kukilaza pole pole ili mapovu yatoke. Sasa kunja karatasi laini ya chooni mara nne, iweke juu, na kwa upande wa penseli wenye kifutio gonga, gonga, gonga, kidogo kidogo, kuanzia katikati kwenda nje. Utaona doa la zambarau linatawanyika kuwa wingu.

Halafu dole gumba. Lisimike juu ya karatasi, bonyeza moja kwa moja kwenda chini kwa nguvu, kama unapiga muhuri wa mirathi. Usiteleze. Kioo kikiteleza hata nywele moja, seli zinaviringika kama vijiti vya unga mkononi, na hakuna utakachokitambua. Kikivunjika, tulia, anza na ncha nyingine. Ndiyo maana tulikata sita.

Kutazama

Anza na lenzi ndogo kabisa. Mwanafunzi wa Dar ana haraka, anarukia ile ya mara 400, anazungusha gurudumu mpaka lenzi inakanyaga slaidi, kioo kinalia "kwa!" na siku imekwisha. Tafuta wingu la zambarau kwenye ukuzaji mdogo, lilete katikati, lenga vizuri, ndipo upande ngazi. Hadubini ya kioo cha kuakisi mwanga usiidharau. Umeme ukikatika wewe unaendelea na dirisha, wenye taa wanakusubiri.

Tafuta seli za mraba mraba, fupi, zenye kiini kilichojaza karibu chumba kizima. Ukiona ndefu kama bomba, uko mtaa wa wastaafu, sogeza slaidi. Kila seli hapo ni kama sehemu ya hamsini ya milimita.

Nyingi zitakuwa na duara la zambarau lenye chengachenga, lenye vidoa viwili vitatu vilivyopauka. Hizo ni interfezi. Wanafunzi huziruka kwa kuona hazina jambo, kumbe ndimo nakala zote zinamotengenezwa. Usikate tamaa ukiona interfezi ishirini mfululizo, ndivyo ilivyo.

Kisha utakutana na kiini kilichobadilika sura: badala ya chenga kuna nyuzi, zimejisokota kama tambi kwenye sufuria. Ni profezi. Ukiitazama kwa makini utaona ukingo wa duara umeanza kupotea.

Metafezi huwezi kuikosea ukiiona ubavuni. Kromosomu zote zimejipanga mstari mmoja katikati ya seli, mikia imening'inia huku na huku. Ila kumbuka umekamua. Seli nyingine zitakuwa zimelala chali, na mstari ule utauona kutoka juu, uonekane kama ua au nyota. Hiyo nayo ni metafezi. Hapa ndipo mahali pa kujaribu kuhesabu 16. Sijawahi kufika 16 kwa uhakika kwa hadubini ya shule kwa sababu zinapandana. 13, 14, halafu jicho linachoka. Lakini jaribu.

Anafezi ndiyo ninayoipenda. Makundi mawili yanaachana, na kila uzi umejikunja umbo la herufi V, kichwa mbele, mikia nyuma, kama mtu anayevutwa kwa mkanda wa kiunoni. Hapo ndipo mwanafunzi anapoelewa kuwa kuna kitu kinavuta. Kipo: nyuzi nyembamba sana zimeshika kila kromosomu kiunoni na kuikokota kuelekea kwenye ncha ya seli. Kwa GV nyuzi hizo huzioni, unaona tu kazi yake. Kwa dakika hizo chache seli moja ina kromosomu 32, seti mbili zinazoagana.

Telofezi ni marundo mawili kwenye pande mbili za chumba, yameanza kulegea kurudi kuwa duara. Angalia katikati: kuna mstari mwembamba unaojengwa. Ni ukuta mpya, na hujengwa kuanzia katikati kwenda pembeni. Hapa mmea na mnyama hutofautiana. Seli yako wewe haina ukuta mgumu, kwa hiyo hujibana kiunoni kama donge la unga unapoligawa kwa mkono kupata matonge mawili ya chapati.

Chukua simu, egemeza kamera kwenye lenzi ya jicho, isogeze mbele na nyuma mpaka duara la mwanga lijae, piga. Mkono ukitetemeka, mwenzako ashike simu kwa mikono miwili. Picha hizo ndizo utakazozichora daftarini, si zile za ubaoni.

Kuhesabu

Ukishazoea sura zao, hesabu. Chagua sehemu yenye seli zilizotandazika vizuri, hesabu seli 200 safu kwa safu, ukiandika kila moja iko hatua gani. Tuseme umepata 180 za interfezi na 20 zinazogawanyika. Hiyo ni asilimia 10. Kwa makadirio ya kishamba lakini yanayokubalika, asilimia ya seli unazozikuta kwenye hatua fulani inakaribiana na asilimia ya muda ambao seli hutumia hapo, kama vile ukipiga picha ya barabara ya Mandela saa kumi na moja jioni, magari mengi utayakuta yamesimama kwa sababu kusimama ndiko kunakokula muda. Mzunguko mzima wa seli za ncha ya kitunguu ukiwa saa 20, basi mitosisi inachukua kama saa mbili. Joto likizidi, mzunguko unafupika, kwa hiyo usishangae namba zako zikitofautiana na za kitabu.

Linganisha pia profezi zako na anafezi zako. Profezi zitakuwa nyingi, anafezi chache. Kuachana kwenyewe ni kwa haraka. Maandalizi ndiyo yanayochelewa.

Ukikosa

Ukiona kila kitu zambarau, GV imezidi: weka tone la siki ukingoni mwa kioo, upande wa pili vuta kwa karatasi ya chooni, siki itapita chini na kuosha. Ukiona seli zimepandana matabaka, hukulainisha vya kutosha, au uliogopa kubonyeza. Duara jeusi lenye ukingo mnene na katikati nyeupe kabisa si kiini wala si yai, ni povu la hewa. Kila mwaka kuna anayelichora kwa umakini mkubwa. Na kama seli ni za mraba, zimetandazika, rangi nzuri, lakini zote ni interfezi, mizizi yako iliacha kukua kabla hujaikata. Rudi kwenye maji.

Kwa asiye na kitunguu

Hamira nayo inafaa, na haina foleni ya siku tatu. Nusu kijiko cha hamira, kijiko cha sukari, maji ya uvuguvugu, saa moja. Dondosha tone kwenye slaidi pamoja na GV iliyozimuliwa sana. Utaona vidoa vyenye umbo la yai, na baadhi vina kichuguu ubavuni: mtoto anachipua kwa mama yake, kwanza kama chunusi, kisha anakua na kuachia. Ila tusidanganyane kuhusu maandazi. Donge likiumuka kwa saa moja watu husema hamira imezaana. Imezaana kidogo sana. Hata kwenye hali nzuri huchukua kama saa moja na nusu kujizidisha mara mbili. Kilichojaza donge ni hewa ya kaboni dioksidi iliyotoka kwenye sukari.

Bakteria wao wana mwendo mwingine kabisa. Wapo ambao wakipata chakula na joto hujigawa kila dakika 20. Mmoja akiachwa na wali uliobaki tangu saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, amejigawa mara 24, na hesabu inakupa 16,777,216. Kwa hadubini ya shule ni nukta tu, kwa hiyo hao tuwaache jikoni.

Maswali ninayoulizwa kila mara

"Mwalimu, na mayai na mbegu za kiume?" Hapo ni meiosisi, mgawanyiko unaopunguza kromosomu nusu: kitunguu kutoka 16 hadi 8, wewe kutoka 46 hadi 23. Mizizini huipati ng'o. Ipo ndani ya vitumba vya maua ambavyo havijafunguka, na kuiwahi kunahitaji subira ya kipekee. Njia rahisi ya kuielewa ni kutazama ndizi mkononi mwako. Migomba mingi tunayolima ina seti tatu za kromosomu, 11 mara tatu, jumla 33. Meiosisi inataka kupanga wawili wawili. Watatu hawapangiki, mbegu zinashindikana, na ndiyo maana unatafuna ndizi bila kutema kokwa. Mkulima anapanda chipukizi, na chipukizi ni mitosisi tupu: mgomba uleule umejirudia.

"Na saratani?" Ni seli zilizoacha kusikiliza amri ya kusimama. Kuna lile ua la rangi ya waridi, au jeupe lenye jicho jekundu, linaloota kando ya nyumba na makaburini, asili yake Madagaska. Humo hutolewa vinkristini, dawa inayozuia zile nyuzi za kuvuta zisijengeke. Seli inafika metafezi, kromosomu zimejipanga, hakuna wa kuzikokota, inakwama na kufa. Dawa za namna hii hutumika kwenye hospitali za saratani, ikiwemo Ocean Road hapa mjini. Nazo hazichagui sana: chochote kinachogawanyika haraka huguswa, na mashina ya nywele yamo, ndiyo sababu nywele za wagonjwa hunyonyoka. Na nisisikie mtu amechemsha ua hilo akanywa. Ni sumu, kipimo chake ni cha maabara na daktari.

Kuhifadhi slaidi

Slaidi nzuri usiifute. Kausha kingo za kioo kifuniko kwa karatasi, kisha zungushia rangi ya kucha pande zote nne, ile isiyo na rangi ndiyo nzuri. Laza, usisimamishe. Ikae mahali penye kivuli; itakufaa siku kadhaa kabla GV haijaanza kutambaa nje ya viini.

Vidoleni GV hutoka kwa spiriti na sabuni ya kipande, kwa siku mbili tatu. Kwenye shati jeupe la shule haitoki. Njoo umevaa la nyumbani.